Laini Zimeingiliana

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Swali hili la wahenga huulizwa kwa kejeli, nalo humlenga mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Laiti lingeulizwa waya wa simu, jibu lingekuwa zito. Waya huwashwa na pilipili ya jirani kila uchao, pasipo kuila wala kugusana na aliyeila. Mkondo wa umeme unaobadilika katika waya mmoja huzaa mkondo mwingine, mdogo sana, katika waya ulio kando yake, ilhali baina yao pana hewa tupu au plastiki isiyopitisha umeme. Wahandisi wamelishughulikia jambo hili kwa karibu miaka 150. Hisabati waliyoitunga ili kulieleza haijavuta macho ya wanafunzi wa lugha, na hiyo ni hasara, kwa kuwa ndani yake mna suala ambalo mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili angelitambua mara moja.

Waliotumia simu za waya nchini Kenya kabla ya rununu kuenea wanaikumbuka hali yenyewe. Mtu alikuwa akizungumza na ndugu yake aliye mji mwingine, na ghafla sauti za watu wawili wasiojulikana zikapenya, zikijadiliana bei ya ng'ombe au habari za mgonjwa. Aliyekuwa akizungumza alisema, kwa sauti ya aliyekwisha kuzoea, "Laini zimeingiliana," kisha akakata simu ili ajaribu tena. Yafaa kukiri kwamba si kila kisa cha namna hiyo kilikuwa cha ajabu. Mara nyingi maji ya mvua yalikuwa yameingia katika kebo au viungio vimeoza, nyaya zikawa zinagusana hasa. Hilo ni kosa la kawaida, na dawa yake imo katika mkoba wa fundi. La ajabu ni lile linalotokea nyaya zikiwa nzima, kavu na zimefunikwa barabara.

Kauli hiyo ya watumiaji wa simu ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kutokana na kitenzi ingia hupatikana ingilia katika kauli ya kutendea, kisha ingiliana katika kauli ya kutendana. Msemaji hakudai kwamba laini yake imeingiliwa, ingawa yeye ndiye aliyekerwa na sauti za wageni. Alisema zimeingiliana. Kwa kiambishi -an- alikiri, bila kukusudia, kwamba na sauti yake yeye huenda ilikuwa ikisikika kwa wale wanunuzi wa ng'ombe, na kwamba kosa si la laini hii wala ile bali ni la ujirani wenyewe. Kifizikia alikuwa sahihi kabisa. Ajabu ni kwamba lugha ya kihandisi, hasa ile ya Kiingereza inayotawala fani hiyo, imechukua mkondo mwingine. Humwita waya unaozungumza mshambulizi, na ule unaosikia humwita mwathiriwa. Hayo ni maneno ya mahakamani. Yanafaa kwa hesabu ya haraka, lakini yanaficha nusu ya ukweli.

Msingi wa mambo haya uliwekwa mwaka wa 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba mkondo unaobadilika katika koili moja huamsha mkondo katika koili nyingine isiyounganishwa nayo. Hata hivyo, kwa miaka mingi hakuna aliyesumbuliwa sana na jambo hilo, kwa sababu chombo kilichokuwa mwishoni mwa waya kilikuwa cha telegrafu, nacho kilihitaji mkondo wa nguvu kiasi ili kigonge. Alexander Graham Bell alipopata hataza ya simu mwaka wa 1876, mambo yaligeuka. Simu ilikuwa chombo chenye hisi kali mno. Nyaya zake zilitundikwa juu ya nguzo zilezile za telegrafu, waya mmoja kwa kila laini, na ardhi ikatumiwa kuwa njia ya kurudishia mkondo. Matokeo yake ni kwamba mwenye simu alisikia migongo ya telegrafu ya watu wengine ikitatarika sikioni mwake kama mahindi yanayokaangwa, na nyuma ya migongo hiyo sauti za majirani.

Miongoni mwa waliotangulia kuliweka jambo hili katika hisabati ni Oliver Heaviside. Alizaliwa London mwaka wa 1850 katika familia yenye mapato haba. Utotoni aliugua homa ya vipele vyekundu iliyomdhuru masikio. Aliacha shule akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, wala hakukanyaga chuo kikuu. Alifanya kazi ya telegrafu huko Denmark, kisha Newcastle, na mwaka wa 1874, akiwa na umri wa miaka 24 tu, akajiuzulu na kurudi nyumbani kwa wazazi wake. Hakuajiriwa tena maishani. Katika chumba hicho cha London alijifunza peke yake kitabu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na usumaku, kilichokuwa kimetoka mwaka wa 1873, na akakielewa kuliko wengi waliokuwa na shahada.

Kabla yake, nadharia iliyotumika ilikuwa ya William Thomson, iliyotungwa katika miaka ya 1850 kwa ajili ya kebo za chini ya bahari. Thomson aliufikiria umeme katika kebo kama joto linalosambaa katika chuma kilichotiwa moto upande mmoja. Mwaka wa 1876 Heaviside aliongeza kitu alichokiacha Thomson, yaani athari ya uga sumaku wa mkondo wenyewe, na mara ikadhihirika kwamba ishara katika waya haisambai tu bali husafiri kama wimbi. Mwaka wa 1881 alichapisha makala kuhusu nyaya zilizo sambamba, akiandika milinganyo ambayo ndani yake kila waya una habari za mwenzake. Kwamba mtu aliyesikia kwa shida ndiye aliyekaa akipiga hesabu ya jinsi nyaya zinavyosikizana, hilo latosha kutajwa tu bila kupambwa.

Stahiki yake haikumfikia kwa wakati. Mwaka wa 1887 alionyesha kwamba laini ya simu ikiongezewa induktansi kwa kipimo maalumu, sauti hufika bila kupotoka. William Preece, aliyekuwa na mamlaka makubwa juu ya telegrafu ya posta ya Uingereza, aliamini kinyume chake, na makala ambayo Heaviside aliandika pamoja na nduguye Arthur ikazuiwa. Miaka kumi na mitatu baadaye wazo hilo lilifanya kazi Marekani kupitia koili za Michael Pupin na George Campbell. Hataza zilitajirisha wengine. Heaviside alifariki mwaka wa 1925 huko Torquay, akiwa mpweke, na milinganyo yake ikiwa inatumiwa kila mahali.

Milinganyo yenyewe si migumu kueleza kwa maneno. Chukua waya mmoja na njia yake ya kurudi, kisha uikate laini hiyo kwa fikra iwe vipande vifupi vifupi. Kila kipande kina sifa nne. Kuna ukinzani, yaani jinsi shaba inavyoupinga mkondo. Kuna induktansi, yaani ukaidi wa mkondo usiotaka kubadilika kwa ghafla. Kuna kapasitansi, yaani uwezo wa waya na njia yake ya kurudi kuhifadhi chaji baina yao. Na kuna uvujaji mdogo unaopita katika kihami. Ukizijua sifa hizo kwa kila mita, unaweza kutabiri ishara itakavyofika mwishoni, itachelewa kiasi gani, itadhoofika kiasi gani. Tarakilishi za leo hufanya vivyo hivyo: hupanga vipande hivyo kama vidato vya ngazi, kila kidato kikiwa kifupi sana kikilinganishwa na urefu wa wimbi, na kupiga hesabu kidato kwa kidato.

Sasa ulete waya wa pili. Hapahitajiki fizikia mpya. Kila waya hubaki na sifa zake, na kwa kila kipande huongezwa viungo vya ujirani, hasa viwili: kapasitansi ya pamoja, inayotokana na uga wa umeme baina ya nyaya, na induktansi ya pamoja, inayotokana na uga sumaku unaozizunguka zote mbili. Waya wa kwanza hubadilisha volteji, na chaji husukumwa katika wa pili. Waya wa kwanza hubadilisha mkondo, na wa pili huamshiwa mkondo wa kuupinga. Mambo haya huandikwa katika matriksi, yaani jedwali la namba. Kwenye ulalo wa jedwali hukaa sifa za kila waya peke yake, na nje ya ulalo hukaa sifa za ujirani. Namba iliyo juu kulia ni ileile iliyo chini kushoto. Kiasi ambacho waya wa kwanza unauingilia wa pili ndicho kiasi ambacho wa pili unauingilia wa kwanza, hata kama mmoja ni mnene na mwingine ni mwembamba. Hiyo ndiyo -an- ya wale watumiaji wa simu, ikiwa imeandikwa kwa tarakimu.

Njia hizo mbili za ujirani zina tabia inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Chaji inayosukumwa na uga wa umeme hufika katika waya wa pili na kugawanyika, nusu ikielekea upande ambako mzungumzaji wa waya wa kwanza yuko, nusu upande wa mbali. Mkondo unaoamshwa na uga sumaku haugawanyiki hivyo, bali huzunguka kwa mwelekeo mmoja. Kwa hiyo kwenye mwisho wa karibu athari hizo mbili hujumlishana, na kwenye mwisho wa mbali hupingana. Ikiwa nyaya zimezungukwa na kihami cha aina moja pande zote, na ncha zake zimefungwa ipasavyo, upinzani huo hukamilika: mwisho wa mbali huwa kimya. Ndipo hutokea jambo ambalo mtu asiyepiga hesabu hawezi kulitarajia. Katika laini kama hiyo anayezungumza hudukizwa na jirani aliye upande wake, huku jirani wa upande wa pili, anakofika ujumbe wenyewe, hasikii chochote.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme kapasitansi ya pamoja ni sehemu moja ya kumi ya kapasitansi ya laini, na induktansi ya pamoja vilevile ni sehemu moja ya kumi. Katika laini ndefu ya kutosha, ishara inayojitokeza kwenye mwisho wa karibu ni robo ya jumla ya sehemu hizo mbili, yaani asilimia 5 ya ishara ya jirani. Jirani akipaza volteji 3.3, waya uliokuwa kimya utaonyesha volteji 0.165. Ni kidogo, lakini hakipuuziki. Mambo huharibika zaidi pale kihami kinapokuwa cha aina mbili, kama ilivyo kwa nyaya nyembamba zilizochorwa juu ya bodi ya saketi, ambazo chini yake pana nyuzi za kioo na gundi na juu yake pana hewa. Hapo athari mbili hazifutani tena, na ishara ya mwisho wa mbali huzidi kukua kadiri nyaya zinavyozidi kuandamana.

Hapa ndipo lugha ya mshambulizi na mwathiriwa ilipoingilia. Waya wa pili ukishapata asilimia 5 ya ishara, nao huirudishia wa kwanza asilimia 5 ya asilimia hiyo, yaani asilimia 0.25. Mhandisi mwenye haraka huipuuza hiyo robo ya asilimia, naye hakosei. Hufanya kana kwamba waya wa kwanza unatenda na wa pili unatendwa. Jedwali hubaki na namba moja tu nje ya ulalo na hesabu huwa nyepesi. Taabu huja nyaya zinapokaribiana mno, kama ndani ya chipu ya tarakilishi. Huko volteji za nyaya mbili jirani zikiinuka pamoja, kapasitansi iliyo baina yao ni kana kwamba haipo. Moja ikiinuka huku nyingine ikishuka, kapasitansi hiyohiyo huhesabiwa mara mbili na ishara zote mbili huchelewa. Kasi ya waya huwa si yake peke yake, bali hutegemea jirani anafanya nini saa hiyo. Ajabu ni kwamba hesabu hurahisika pale mtu anapoacha kuuliza waya wa kwanza una nini na wa pili una nini. Nyaya hizo zikiwa zinafanana, na mtu akauliza jumla yao ni ngapi na tofauti yao ni ngapi, milinganyo iliyokuwa imefungamana hujitenga, jumla ikasafiri kivyake na tofauti kivyake.

Wanaisimu hawana sababu ya kuwacheka wahandisi. Mwaka wa 1953 Uriel Weinreich alichapisha kitabu chake kuhusu lugha zinazokutana, na humo akaliita tukio la lugha moja kupotoa kaida za nyingine katika usemi wa mtu ajuaye zote mbili kwa neno lilelile ambalo wahandisi walilitumia kwa kelele zinazoharibu mawasiliano. Weinreich mwenyewe alitazama pande zote mbili. Darasani hali ni nyingine. Mwanafunzi anayesema "kurara" badala ya "kulala" huambiwa kwamba Gikuyu imekiingilia Kiswahili, na alama hupunguzwa. Ni haki alama zipunguzwe, maana sarufi ina kanuni zake. Ila Gikuyu hiyohiyo husema metha na thabuni, maneno yaliyotoka katika meza na sabuni, wala hakuna anayeliita hilo kosa la Kiswahili. Jedwali limefutwa namba moja. Kama athari ya kurudi ingekuwa robo ya asilimia, hiyo ingekuwa njia ya mkato inayokubalika. Katika lugha zilizokaa ukuta kwa ukuta kwa vizazi kadhaa si robo ya asilimia, na tasnifu zinazochunguza upande mmoja pekee zinapima laini kwa modeli isiyoitosha.

Ulinganisho huo usivutwe mbali. Lugha haina kihami, na wazungumzaji wana nia, kitu ambacho shaba haina. Yafaa kuirudia shaba, kwa sababu dawa zilizobuniwa kwa ajili yake ni nzuri kuzijua.

Dawa ya kwanza ambayo mtu huifikiria ni kuzitenganisha nyaya, na ya pili ni kuziwekea ukuta. Zote mbili zina gharama, na nguzo hazina nafasi. Mwaka wa 1881 huohuo Bell alipata hataza ya njia nyingine: kila simu ipewe nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi, na nyaya hizo zisokotwe pamoja kama kamba. Jirani akipiga kelele, kelele zitaugusa waya huu zaidi mahali hapa, na ule zaidi mahali pale, na kwa kuwa kinachosikizwa ni tofauti ya nyaya mbili, kelele hujifuta. Waya haujitahidi kutosikia, bali husikia mara mbili kwa kiasi kimoja. Gharama ya shaba maradufu ilizifanya kampuni zisite, hadi tramu za umeme zilipoanza kuzagaa mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuijaza ardhi mikondo yao, hata simu zilizotegemea ardhi kama njia ya kurudi zikashindwa kutumika.

Wakati huohuo nchini Marekani John Carty alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mwingiliano wa simu za zama zake ilitokana na uga wa umeme kuliko uga sumaku. Ushahidi wake ulikuwa mwepesi wa kupendeza. Kama chaji inasukumwa katika waya na kukimbilia ncha zote mbili, basi lazima pawe na mahali pa kati ambapo mkondo hauendi huku wala kule. Carty aliweka simu mahali hapo, na simu ikawa kimya. Kutokana na maarifa ya aina hiyo mafundi walijifunza kubadilishana nafasi za nyaya katika nguzo maalumu, waya wa kushoto ukahamia kulia na wa kulia kushoto, kwa mpango uliopigiwa hesabu.

Anayetaka kuona urithi huo leo na aikate kebo ya kawaida ya mtandao inayopatikana ofisini. Ndani yake mna nyaya nane katika jozi nne: ya buluu, ya machungwa, ya kijani na ya kahawia. Akizitazama vizuri ataona kwamba jozi hizo hazikusokotwa kwa kiasi kimoja. Moja imekazwa zaidi na nyingine imelegezwa kidogo. Jozi mbili zingesokotwa sawasawa, waya uleule ungemkabili jirani yuleyule katika kila mzunguko, na msokoto ungekuwa kazi bure.

Dawa ya mwisho ni mpya na inatoka moja kwa moja katika jedwali la Heaviside. Intaneti ya kasi ilipoanza kupitishwa katika nyaya za kale za simu, mwingiliano ulirudi kwa ukali, kwa kuwa hupanda pamoja na masafa. Mwaka wa 2010 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu liliidhinisha kiwango cha kiufundi ambacho kwacho mtambo hupima namba zote zilizo nje ya ulalo, jozi kwa jozi katika kebo nzima. Kisha, kabla ya kutuma, huondoa katika kila ishara kile ambacho majirani wataongeza njiani. Ishara hutumwa ikiwa imepotoshwa makusudi, na ujirani huinyoosha. Sharti ni moja: mtambo lazima ujue kila jirani anasema nini. Huko Ujerumani sharti hilo lilizua mvutano wa kibiashara, maana kampuni shindani zilikuwa zikikodi jozi tofauti ndani ya kebo ileile, na mtambo wa kampuni moja haukuweza kuzipigia hesabu ishara za nyingine. Mwaka wa 2013 mamlaka ya udhibiti ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni kuu ingeweza, kwa masharti, kuwanyima wapinzani nyaya hizo kwenye makabati ya barabarani ili mbinu hiyo ifanye kazi. Sifa ya uga wa umeme ikawa hoja ya sheria ya ushindani.

Limebaki suala la istilahi. Mwingiliano limekwisha kukaliwa na wahakiki wa fasihi katika mwingiliano matini, ingawa neno moja laweza kukaa nyumba mbili bila ugomvi. Mwangwi halifai, kwa kuwa mwangwi ni sauti ya mtu mwenyewe inayomrudia, na wahandisi wana tatizo jingine la jina hilo. Mvujo lapotosha, maana hakuna kinachovuja nyaya zikiwa nzima. Udukizi lina ladha nzuri, lakini anayedukiza hukusudia, na siku hizi nduguye udukuzi amehamia kwa wavunjao tarakilishi. Pengine istilahi mbili zahitajika, si moja: mwingilio kwa hesabu ya upande mmoja na mwingiliano kwa hesabu kamili, tofauti yao ikiwa ni kiambishi kilekile. Na badala ya mshambulizi na mwathiriwa, waya msemaji na waya msikizi, majina ambayo nyaya zinaweza kubadilishana pindi yule aliyekuwa kimya anapoanza kuzungumza.